Kushuka Si Kushindwa

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya. Usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume, na tairi zake nyembamba zina meno. Fundi akanieleza: "Mzee, hii ni ya saiklokrosi. Lami inapita, vumbi inapita." Nikaringa.

Jumamosi moja nilimpakia binti yangu kwenye keria. Lami ikaisha, tukashika njia ya vumbi, mara mbele yetu mchanga mtupu. Mtoto akasema, "Baba, tushuke." Nikamjibu kwamba baiskeli hii haishukwi. Gurudumu la mbele likazama, tukaanguka wote wawili. Yeye akavunjika mkono.

Ndipo nikaulizia mchezo wenyewe. Ulianzia Ufaransa, na mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika huko mwaka 1902. Waendeshaji hupita majani, matope na mchanga. Penye ngazi au tope zito, bingwa huruka chini, huitia baiskeli begani, hukimbia, kisha hupanda tena. Octave Lapize, mshindi wa Tour de France ya mwaka 1910, alijinoa kwa mchezo huo.

Kumbe mabingwa hushuka! Mimi niliona haya mbele ya wauza madafu.

Mkono umepona. Juzi tulifika palepale. Sikungoja kuambiwa: nilishuka, nikaitia baiskeli begani, binti akanishikia kofia. Wauza madafu walicheka. Sisi tulivuka salama.