Bei si Mvua, Haishuki Yenyewe

Vijana wenzangu wa Kisii na Nyamira.

Leo nataka tuongee biashara. Si ile ya kibanda, bali ile ya nchi na nchi, inayoamua kibanda chako kitauza nini na kwa bei gani. Najua wengine mtasema, "Hayo ni ya wakubwa." Subirini kidogo.

Nenda kwa shamba la mzee yeyote hapa kwetu aliyepanda kahawa zamani. Muulize miaka ya sabini na themanini ilikuwaje. Atakwambia kahawa ilisomesha watoto na kujenga nyumba za mabati. Kisha muulize mbona wengi waliiacha ikaota magugu, wengine wakaing'oa. Atasema, "Bei ilianguka." Hapo ndipo mimi nauliza: ilianguka, ama iliangushwa?

Mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilitia sahihi mkataba. Mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Kimataifa la Kahawa, makao yake London. Kazi ilikuwa hivi: kila nchi inayouza ilipewa mgao, yaani kiasi cha kahawa inachoruhusiwa kupeleka sokoni. Bei ikishuka sana, migao inapunguzwa. Ikipanda sana, inaongezwa. Kura zilikuwa 1,000 za wauzaji na 1,000 za wanunuzi, lakini mwenye kahawa nyingi alipata kura nyingi. Kwa hivyo Brazil na Marekani walikuwa na sauti kubwa, na Kenya ilikuwa na sauti ndogo.

Mpango huo haukuwa mtakatifu. Kahawa iliyozidi mgao iliuzwa kwa nchi zisizo wanachama kwa bei ya chini, na wanunuzi wakubwa walilalamika kwamba wao ndio wanaolipa zaidi. Walishindwa kukubaliana, na Julai 1989 migao ikasimamishwa. Ndani ya miezi michache tu bei ya dunia ilishuka karibu nusu. Mzee wako hakubadilisha chochote shambani. Udongo ni ule ule, jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa London, na yeye hakuulizwa.

Leo chombo kikubwa zaidi ni Shirika la Biashara Duniani, lililoanza tarehe 1 Januari 1995, makao yake Geneva. Kule hakuna kura za ukubwa: uamuzi hupitishwa kwa maafikiano, kila nchi ikae bila kupinga. Kwa karatasi ni haki tupu. Lakini nchi tajiri inaweza kwenda na mawakili na wataalamu wengi, na nchi ndogo ikaenda na watu wachache wa kufuatilia vikao vyote. Na ukishinda kesi, mwenzako akikata rufaa, kesi inabaki hewani, kwa sababu tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa hakina majaji wa kutosha. Marekani imezuia uteuzi wao.

Hata hivyo, msiondoke hapa mkisema yote ni bure. Desemba 2015 mkutano wa mawaziri wa shirika hilo ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza Afrika, na mwenyekiti alikuwa Amina Mohamed, waziri wetu wa mambo ya nje. Pale nchi zilikubali kuondoa ruzuku za kuuzia mazao nje, zile pesa za serikali zinazofanya chakula cha mkulima tajiri kiwe rahisi kuliko cha mkulima wetu. Ruzuku nyingine bado zipo, lakini hiyo moja iliguswa, tena hapa nyumbani.

Sasa njoo Daraja Mbili, kwa mitumba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walitaka kuondoa mitumba polepole ili viwanda vyetu vya nguo viinuke. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na serikali yao ikatishia kuondoa nafasi ya kuuza kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafasi hiyo. Sisemi mitumba ni mizuri ama mibaya, najua wengi wenu mnakula kwayo. Nasema hivi: bei ya bando lako pia ina mkono wa mtu.

Tufanye nini basi? Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Katiba yetu, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Na kuna sheria ya mwaka 2012 ya kutengeneza na kuridhia mikataba, inayotaka Bunge liupitie na wananchi wasikizwe kabla haujaridhiwa. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa sahihi Desemba 2023 na ukaanza kazi Julai 2024. Unagusa mazao ya wakulima na bidhaa zitakazoingia. Nijibuni kwa ukweli: wangapi wetu tuliufungua hata ukurasa mmoja?

Nawaomba mambo matatu. Mosi, Bunge likitangaza kupokea maoni, tukae watu watano, tuandike ukurasa mmoja, tutume. Pili, mbunge wako akija harambee, muulize kuhusu mkataba, si kuhusu hema pekee. Tatu, kama nyumbani kuna chai ama kahawa, nenda na mzazi kwenye mkutano wa kiwanda au sosaiti. Si kila hasara inatoka Geneva. Nyingine inaanzia kwenye mizani ya hapa hapa.

Wazee wetu hawakuulizwa. Sisi tukiulizwa tukanyamaza, tutawaambia nini watoto wetu?