Lishe ya Mama Kabla ya Kadi ya Kliniki: Hali ya Mbeya na Iringa



Mikoa yetu inalisha nchi. Mchele wa Kyela na Mbarali, ndizi na maziwa ya Rungwe, mahindi na njegere za Iringa hupakiwa kwenye malori kila siku. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Udumavu huo mara nyingi huanzia tumboni, na ndiyo maana leo nazungumzia sahani ya mama.

Kwa maoni yangu tunachelewa. Wengi wetu katika huduma za afya tunaanza kumweleza mwanamke habari za lishe siku anapofunguliwa kadi ya kliniki, mimba ikiwa tayari na miezi kadhaa. Sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki 4 za kwanza tangu mimba itungwe, mama mwenyewe akiwa bado hajajijua. Asidi ya foliki ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na vidonge vya mwezi wa tano haviwezi kurudisha kilichopita. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba anahitaji mikrogramu 400 za foliki kila siku, pamoja na maharage, mnafu, majani ya maboga na parachichi mezani. Kwa hiyo mazungumzo yaanze na wasichana wa sekondari, na wanandoa wapya, na mama anayefikiria mtoto wa pili.

Mimba ikishaingia, adui tunayemsahau ni upungufu wa damu. Hapa niseme wazi kuhusu chai, maana Mufindi na Rungwe ndiko inakolimwa na ndiko inakonywewa asubuhi, mchana na jioni. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Hatumkatazi mama chai yake. Tunamwomba aisogeze, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula. Mezani aweke pera, chungwa au kipande cha limao, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Na dagaa wa Ziwa Nyasa, hata kiganja kimoja ndani ya mboga, wana thamani kubwa kuliko bei yao.

Vidonge vya chuma navyo tuvieleze vizuri. Mama akiona choo cheusi na tumbo limefunga, anaviacha kimyakimya na kuviweka juu ya kabati. Angeambiwa mapema kwamba choo cheusi hakina madhara, kwamba anaweza kumeza kidonge usiku baada ya kula, anywe maji mengi na ale matunda, angeendelea. Tumuulize pia kwa upole kama anakula udongo, kwa sababu hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, na udongo unaweza kubeba mayai ya minyoo. Pombe, iwe ulanzi, komoni au bia, haina kiwango salama kwa mjamzito.

Lakini nani anaamua kinachobaki nyumbani? Mahindi yanavunwa, baba anapatana na mnunuzi, mayai na maziwa yanauzwa, na mama mwenye mimba ya miezi minane anabeba kuni huku mlo wake ni ugali na mboga ya jana. Iringa ilishaonyesha njia. Mpango wa lishe ulioanza 1983 kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani uliingia katika vijiji 168. Wanakijiji walipima watoto wao, wakakaa pamoja kutafuta sababu, wakaamua la kufanya. Waligundua kwamba chakula peke yake hakitoshi bila huduma za afya na matunzo ya mama na mtoto. Fikra hiyo ilikuja kutumiwa na UNICEF duniani kote. Katika mikutano ya kijiji ya sasa, naomba kazi nzito za mjamzito na mgawanyo wa mavuno ziwe ajenda, na akina baba wawepo.

Baada ya kujifungua tunamwangalia mtoto na kumsahau mama. Anayenyonyesha anahitaji chakula kingi zaidi hata kuliko alipokuwa mjamzito, na mwili wake unahitaji angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mtoto anapoletwa kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9, mama yuko mbele yetu. Tumuulize amekula nini jana, tumwangalie damu, na tuzungumze naye kuhusu uzazi wa mpango palepale, kabla hajapewa tarehe ya kurudi.