Tairi la Baiskeli na Usalama wa Mtoto

Leo tunaangalia baiskeli inayombeba mtoto kwenda shule au kliniki.

Kabla mtoto hajapanda, bonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba. Yakibonyea kwa urahisi, usimpakie. Tairi lenye upepo kidogo huyumba kwenye kona. Likigonga jiwe, tyubu hubanwa kwenye rimu na kupata pancha. Mtoto akianguka anaweza kuumia kichwa, kwa hivyo mvalishe helmeti.

Upepo hupungua polepole hata kama hakuna pancha. Ongeza kila wiki. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kipimo cha PSI. Fundi mwenye geji atakupimia. Usipite kipimo cha juu kabisa. Tairi la nyuma hubeba uzito mwingi, basi liwe gumu kuliko la mbele. Hata hivyo, likijazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye barabara ya changarawe na kumtikisa mtoto.

Je, matairi yasiyo na tyubu yanafaa? Ndani huwekwa dawa ya majimaji inayoziba matundu madogo yenyewe. Lakini dawa hiyo hukauka baada ya miezi kadhaa, na matairi hayo huhitaji rimu zake maalumu. Kama fundi wako hana vifaa hivyo, baki na tyubu.

Kumbuka mama: bonyeza kwanza, ndipo umpakie mtoto.