Kifua Kibovu: Damu ya Ukoo au Vumbi la Kazi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makwasinyi)



Hapa chini ya Mlima Kasigau wengi wetu tumetoa jasho katika machimbo ya vito au mashamba ya katani. Mtu akianza kukohoa na kuishiwa pumzi huambiwa, "Hiyo ni asili ya kwenu, hata babako alikuwa hivyo." Leo tulipime neno hilo, maana fidia ya mtu yaweza kupotea kwa ajili yake.

Ni kweli, damu ina sehemu yake. Mwaka 1963 wataalamu wawili wa Sweden, Laurell na Eriksson, walieleza kwamba wako watu wanaozaliwa na upungufu wa alfa-1 antitripsini, kitu kilichomo katika damu ambacho hulinda mapafu. Mtu wa namna hiyo akivuta sigara, mapafu yake huharibika mapema. Lakini watu hao ni wachache, na katika Waafrika ni nadra mno.

Sasa tazameni upande wa pili. Vumbi la mawe, lile jembamba lisiloonekana, hukaa ndani ya pafu na kulitia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, nao hukifungulia mlango kifua kikuu. Vumbi la katani hubana kifua. Sigara ni adui wa wote. Moshi wa kuni huwadhuru akina mama wasiojua hata ladha ya sigara.

Mtoto hurithi sura ya babaye. Hurithi na sururu yake pia. Basi baba na mwana wakiugua sawasawa, ulizeni kwanza kama walichimba shimo moja.

Damu hatuwezi kuibadili, vumbi twaweza. Mwamba uloweshwe kabla ya kutobolewa. Maji ni haba hapa, lakini gharama yake ni ya mwenye machimbo, si ya mchimbaji. Kitambaa puani hakitoshi; tudai kinga halisi. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende akapimwe makohozi. Na kila mtu aandike kazi alizofanya na miaka yake, kwani sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahusu pia maradhi yapatikanayo kazini, si majeraha tu.

Hata aliyezaliwa na kifua dhaifu hapotezi haki yake. Huyo ndiye anayehitaji hewa safi kuliko sisi sote.