MALI BILA DAFTARI

Hotuba kwa wanachama na watumishi wa ushirika, Kemondo



Tumekutana katika sherehe hii ya miaka kumi. Wenzangu wamekwisha kusifu mizani na maghala yetu. Mimi nitasema juu ya mali isiyoonekana kwa macho, nayo ni hesabu zetu zilizomo ndani ya kompyuta.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu ni kompyuta, nayo yaweza kufa. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, umeme ulikatika karani alipokuwa akiandika kilo za kahawa ya maganda. Uliporudi, programu ya hesabu haikufunguka tena, na malipo yalikuwa kesho yake. Nakala nyingine hapakuwa. Kilichookoa jahazi ni stakabadhi za karatasi: mkulima aliyeitunza yake alilipwa haki yake, aliyeipoteza alibaki akibishana na karani, wala hapakuwa na wa kuamua.

Msidhani kwamba msiba huu ni wa vyama vidogo tu. Tarehe 19 Julai 2024, toleo jipya la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike lilitoka na kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zikashindwa kufanya kazi. Baadhi ya viwanja vya ndege vililazimika kuwaandikia abiria hati zao kwa mkono.

Basi, yatupasa kufanya nini? Kanuni ni nyepesi: hesabu ziwe katika nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na nakala moja ikae mbali na ofisi. Sababu ya kuiweka mbali twaijua vema. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba. Diski iliyofungiwa chumba kimoja na kompyuta ingefukiwa pamoja nayo. Wala tusitegemee intaneti peke yake, kwani Mei 2024 nyaya zipitazo chini ya bahari zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotaabika.

Kila jioni karani anakili hesabu katika diski ya nje, kisha aichomoe, ili hitilafu ya umeme au virusi visiidhuru. Kila mwezi nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine na kulinganishwa na stakabadhi. Nakala isiyojaribiwa ni kama ghala lisilofunguliwa mlango: hujui kama mna kahawa au mna panya.

Kompyuta ikiharibika, karani asiwe na pupa ya kufuta na kuanza upya. Aache kuitumia, amwite fundi, na aendelee kupokea kahawa kwa stakabadhi za mkono. Programu ikisha kupakiwa upya, nakala ya mwisho irudishwe, ndipo stakabadhi za tangu siku ile ziingizwe moja moja.

Nanyi wakulima, tunzeni stakabadhi zenu. Tena, kila mkutano mkuu, iulizeni Bodi maswali mawili: nakala iko wapi, na ilijaribiwa lini? Si utovu wa heshima kuuliza, kwa maana kilo zilizoandikwa mle ni jasho la vibanja vyenu.