Watoto Wetu Wenye Selimundu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme juu ya ugonjwa wa selimundu, nasi tulio na watoto wa namna hiyo twaitikia kwa shukrani.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukutumwa na jirani. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa myembamba. Hapo mtoto hushikwa na maumivu ya mifupa yasiyosemeka. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi asili hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria kali, ingawa si kinga kamili. Ndiyo sababu imeenea sana kandokando ya Ziwa Victoria na pwani. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama ndiye augua. Wazee wetu, lisikieni neno hili: kwa baba na kwa mama. Wake wangapi wamerudishwa kwao kwa kuambiwa wana damu mbaya, hali mume naye alitoa nusu yake! Wazazi wawili wakiwa na asili hiyo, kila mimba ina hatari ya moja katika nne.

Nyumbani kazi haina Jumapili: maji mengi ya kunywa, nguo nzito wakati wa baridi, chandarua, vidonge vya foliki asidi, na penisilini kwa walio wadogo. Homa ikipanda hatungoji asubuhi. Iko pia dawa ya haidroksiyurea, ipunguzayo vipindi vya maumivu, lakini hiyo si ya kila mfuko. Mama hukesha akikanda miguu ya mtoto. Baba huhesabu siku za ruhusa zilizobaki kazini. Ndugu zake wazima nao huona wivu. Mwalimu hana budi kuambiwa, asije akamwita mtoto mvivu.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, haja yetu. Msiba ukitokea, Chama hiki hutoa fedha za jeneza na gari kabla jua halijachwa, na twajivunia jambo hilo. Bali mzazi aombaye nauli ya kliniki huambiwa kanuni hazisemi. Twaomba kanuni zibadilishwe, sehemu ya mfuko wa misiba itengwe kwa nauli na dawa za watoto walio hai, na wanachama wawezao kutoa damu wajiandikishe kwa Karani kabla hatujatawanyika leo.