Pesa za Watu Wetu Walio Nje: Ni Sifa ya Nani?

Haya ni maneno niliyoandaa kwa kikao cha vijana hapa Kanyangi. Nayaweka hapa kipande kwa kipande.

1/ Kwenye midahalo mmesikia mmoja akisema, "Walio ng'ambo wametuma mabilioni, uchumi uko sawa." Mwingine anamjibu, "Hizo pesa si zenu!" Leo tuzichambue bila kutaja mtu wala chama.

2/ Kila nchi ina hesabu ya pesa zinazoingia na kutoka. Inaitwa urari wa malipo. Ukiuza gunia la ndengu nje, gunia limeondoka, pesa zimeingia. Hiyo ni biashara. Serikali ikikopa, pesa zinaingia lakini deni linabaki. Sasa dada yako aliye Saudia akimtumia mama pesa ya unga, hakuna gunia lililoondoka wala deni lililobaki. Huo unaitwa uhamisho wa kawaida.

3/ Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2010 walio nje walituma kama dola milioni 642. Mwaka 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 4.9. Hiyo ni zaidi ya mara saba, na inapita mbali mapato ya chai.

4/ Lakini hesabu hiyo ni ya dola, na mama hanunui unga kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu 130. Aliyetuma dola 200 mwanzoni, nyumbani zilifika 32,000. Baadaye dola zilezile 200 zikawa 26,000. Ni kweli, shilingi ikipata nguvu, kuagiza mafuta na kulipa deni la nje kunakuwa nafuu. Lakini hapa nyumbani 6,000 hazipo, na kule nje kazi haijapungua hata saa moja.

5/ Kwa hivyo nani yuko sawa? Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Shilingi ni za mama. Dola zenyewe zinabaki kwa mabenki, na ndizo zinasaidia nchi kulipia mafuta, dawa na mashine. Bidhaa tunazonunua nje ni zaidi ya mara mbili ya tunazouza. Jasho la walio nje linaziba sehemu ya hilo shimo.

6/ Na shimo likizibwa na jasho la mtu aliye mbali, uamuzi wa mbali unaweza kulifungua. Zaidi ya nusu ya pesa hizi hutoka Marekani. Tangu Januari 1, 2026, huko kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma nje kwa pesa taslimu. Hakuna aliyetuuliza sisi.

7/ Basi mwanasiasa akija hapa sokoni kujisifu na hayo mabilioni, muulize mambo matatu, kwa heshima. Moja, hiyo ni dola au shilingi? Mbili, dada yetu akinyimwa mshahara huko Ghuba, nani atashika simu yake? Tatu, una mpango gani ili anayebaki Kanyangi naye apate kitu cha kuuza nje?

Asijibu kwa kutaja bilioni zingine.